Sanduku la Bati



Dominika iliyopita, baada ya Misa ya pili, kijana mmoja wa shule ya sekondari alitungojea chini ya mwembe. Alikuwa na simu mkononi na uso wa mtu aliyeanguka mtihani. Akatusomea ujumbe aliouletewa kutoka Brussels. Mtu mmoja wa huko, mwenye kukusanya vitabu vya picha, alinunua kwake kitabu kimoja. Kitabu kimefika na pembe iliyopondeka na alama ya maji, na tena, asema mnunuzi, kimechafuliwa kwa maandishi ya kalamu upande wa ndani wa jalada. Kwa hiyo ataka arudishiwe nusu ya fedha zake.

"Mwalimu, ni haki hiyo?"

Tukamwuliza ni kitabu gani. Akainamisha kichwa.

"Ni Alerte à Kamoto. Nilikitoa katika sanduku la nkambo."

Hapo tukaona kwamba shauri hili lina vyumba viwili, na kijana alikuwa ametufungulia kimoja tu.

Kwa wale wasiojua, vitabu tunavyovisema ni vile ambavyo hadithi yake huendelea kwa picha, kisanduku baada ya kisanduku, na maneno ya watu huandikwa katika viputo juu ya vichwa vyao. Vijana wetu huviita bede, kwa kufuata Kifaransa. Wazazi wengine huvidharau na kusema ni mchezo wa wavivu. Sisi hatukubaliani nao. Tumewaona watoto waliokimbia kitabu cha sarufi wakijifunza kusoma kwa kitabu cha picha kilichokosa jalada, mmoja akisoma kwa sauti na wanne wakichungulia mabegani mwake. Nasi tulipokuwa seminarini tulivisoma chini ya blanketi kwa mwanga wa tochi; msimamizi alijua, akanyamaza, maana asubuhi yake alikuja kuviazima.

Tena wazazi wajue kwamba vitabu hivi vina ukoo karibu na Kanisa. Tintin alizaliwa mwaka 1929 katika Le Petit Vingtième, nyongeza ya watoto ya gazeti moja la kikatoliki la Brussels lililoongozwa na Padri Norbert Wallez. Padri huyo ndiye aliyemtaka mchoraji Hergé ampeleke Tintin Kongo, na hadithi hiyo ikatoka katika miaka ya 1930 na 1931. Hergé hakupata kukanyaga nchi yetu. Ndiyo sababu Waafrika wa kitabu kile ni watu wasiopatikana popote, isipokuwa katika kichwa cha Mzungu wa siku zile. Mwananchi wetu Bienvenu Mbutu Mondondo alikwenda mahakamani Ubelgiji kutaka kizuiliwe, na mwaka 2012 mahakama ikamkatalia. Kwa maoni yetu kisifichwe. Kisomwe karibu na mtu mzima, na mtoto aulizwe kama aliwahi kumwona babu yake akisema hivyo. Upande mwingine, mchoraji Jijé alianza mwaka 1941 kuchora maisha ya Mtakatifu Yohane Bosco katika gazeti Spirou. Katika Katanga jina hilo halikuwa geni, maana Wasalesiani walikuwa wamefika Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, tangu mwaka 1911.

Vitabu vya Ulaya vilitujia kwa meli na reli. Tangu mwaka 1931 reli ya Benguela iliunganisha bandari ya Lobito na Katanga, hata mzigo uliopakiwa Antwerp uliweza kupita Dilolo ukashushwa Kolwezi. Mwaka 1975 vita vya Angola vikaikata njia hiyo. Lakini wakati huo sisi wenyewe tulikwisha kuwa na vyetu. Union Minière ilikuwa na gazeti lake Mwana Shaba tangu mwaka 1957, na baadaye watoto wa wafanyakazi wakapata lao, Mwana Shaba Junior. Mwaka 1968 Achille Ngoye na Freddy Mulongo walianzisha Jeunes pour Jeunes huko Kinshasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 gazeti hilo likaitwa Kake, yaani radi kwa Kilingala. Kutoka Ufaransa lilikuja Kouakou, lililotolewa bure kwa wanafunzi wa Afrika tangu mwaka 1966. Na mwaka 1989 ilitoka Alerte à Kamoto, maneno ya Pie Tshibanda, mzaliwa wa Kolwezi hii hii, na picha za Nsenga Kibwanga. Msomaji wa Brussels huona katika jina hilo neno geni tu. Msomaji wa Kasulo huona mgodi ambao baba yake aliuendea kila siku na chakula chake ndani ya kopo.

Sasa tulirudie sanduku. Babu wa kijana huyu alikuwa mfanyakazi wa Gécamines, zamu ya chini ya ardhi. Kila mshahara ulipopatikana alinunua mfuko wa unga, sabuni, na kitabu kimoja cha picha. Aliviweka katika sanduku la bati chini ya kitanda. Mwaka 2014 mtu mmoja wa Kasulo, akichimba shimo uani kwake, alikuta jiwe lenye kobalti, na kwa muda mfupi mtaa mzima ukageuka kuwa mashimo: ndani ya ua, chini ya jikoni, hata chini ya vitanda. Mzee alikataa watu wasichimbe kwake. Mwaka 2017 serikali ya jimbo ilipowahamisha wakazi wa sehemu moja ya mtaa ili eneo lile lizungushiwe ukuta na kukabidhiwa kampuni, nyumba yake ilikuwa katika sehemu hiyo. Majirani walitoa kwanza magodoro na mabati ya paa. Mzee alitoa kwanza sanduku lile, akaliketia kando ya barabara mpaka gari lilipofika. Watu walicheka. Twakiri kwamba nasi tulipolisikia jambo hilo tulicheka kidogo.

Mjukuu alifungua sanduku hilo mwaka huu kwa sababu ya ada ya masomo. Alikuwa ameona katika simu kwamba watu wa Ulaya na Marekani hununua vitabu vya picha vya zamani kwa bei ya ajabu. Hilo ni kweli, na hatuna budi kulieleza vizuri, kwa kuwa nusu ya ukweli ndiyo iliyompoteza. Kitabu cha Marekani Action Comics namba 1, kilichouzwa senti 10 mwaka 1938, nakala yake moja ilinunuliwa dola milioni 6 mwaka 2024. Lakini nakala zake zilizosalia ni chache sana, na ile ilikuwa imepimwa na wakaguzi na kupewa daraja 8.5 katika 10. Kwa watu hao kila mkunjo ni hasara, kila kutu ya pini ya katikati ni hasara, na jina lililoandikwa kwa kalamu ni hasara. Hata umri hautoshi. Vitabu vya Tintin vimechapwa tena na tena. Mwenye kujua hageuki kwanza kutazama picha ya mbele. Hutazama jalada la nyuma, ambapo yameorodheshwa majina ya vitabu vilivyokwisha kutoka, na kwa orodha hiyo hujua chapa ni ya mwaka gani. Basi mtu asije akauza ng'ombe kumnunua Tintin wa sokoni kwa sababu mchuuzi ameapa kwamba ni wa mwaka 1946.

Kijana alitangaza kitabu cha babu yake kwa dola 40. Alipiga picha ya jalada la mbele tu. Alama ya maji ilikuwa nyuma; aliiona, akanyamaza. Kisha akakitia katika karatasi nyembamba ya kahawia, akampa wakala wa basi akifikishe Lubumbashi, na huko jamaa mmoja akakipeleka kwenye vifurushi vya ndege. Nauli yenyewe ilikula zaidi ya nusu ya bei.

Tulimjibu hivi. Kwa habari ya pembe iliyopondeka, kosa ni la ufungaji. Kitabu cha kwenda mbali hutiwa kwanza katika mfuko wa plastiki kwa ajili ya mvua, tena huwekwa katikati ya makaratasi mawili magumu yanayokipita kwa upana wa vidole viwili kila upande, ili pigo liangukie karatasi wala lisiangukie pembe. Hakikunjwi kamwe, wala hakibandikwi utepe wa gundi juu ya jalada lenyewe. Kwa habari ya alama ya maji, hiyo ni amri ya saba. Mwenye kuuza akificha ubovu anaoujua amechukua fedha isiyo yake, hata kama mnunuzi ni tajiri na yuko mbali ng'ambo ya bahari. Nusu anayoidai arudishiwe.

Kijana akakubali. Ndipo tukamwuliza juu ya yale maandishi ya kalamu.

Hakujua. Hakupata kuyasoma. Tukaenda naye kwa babu yake jioni ile, na safari haikuwa nyepesi kwa yeyote kati yetu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Hakupaza sauti. Aliuliza neno moja tu: "Yule Mzungu amekwisha kuufuta ukurasa wa majina?"

Kumbe upande wa ndani wa jalada ulikuwa daftari la azima. Katika miaka ile kitabu kilizunguka zamu nzima. Kila aliyekiazima aliandika jina lake na siku aliyokichukua, na alipokirudisha akapiga mstari. Mwezi wa Septemba 1990, mwaka mmoja tu baada ya kitabu kutoka, sehemu ya katikati ya mgodi wa Kamoto iliporomoka. Kazi ikapungua, mishahara ikachelewa. Katika miaka ya 1992 na 1993, wenzao wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, wakapanda treni na kile walichoweza kubeba. Pie Tshibanda mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliofukuzwa. Majina mengi ya jalada lile ni ya watu walioondoka wakati huo. Mzee hana picha zao. Hana anwani zao. Wawili, alisema, hawakupiga mstari, ingawa kitabu kilirudi. Mmoja alikileta usiku wa kuamkia safari na hakuwa na kalamu.

Kwa hiyo kile ambacho mkusanyaji amekihesabu kuwa uchafu ndicho mzee alichokihifadhi. Hatumlaumu mkusanyaji. Yeye hutafuta nakala kama ilivyotoka kiwandani, na katika hilo ana sababu zake. Bila watu wa namna yake magazeti mengi ya zamani yangekwisha kuoza. Lakini yatupasa tujue kwamba bei yake hupima jambo moja, nasi tusije tukadhani kwamba imepima yote.

Kijana akaandika Brussels usiku ule ule. Alieleza habari ya alama ya maji bila kujitetea, akaeleza habari ya majina, akaomba arudishe fedha zote na apewe kitabu. Jibu lilikuja baada ya siku mbili. Mnunuzi alileta kwanza picha ya ukurasa ule. Majina ni 19. Tulikuwapo mzee alipoyasoma, simu ameishika mbali na macho yake, akitaja baada ya kila jina kazi ya mwenyewe: huyu wa kuchoma baruti, huyu wa mabehewa, huyu mwimbaji wa kwaya. Mjukuu aliandika pembeni. Kitabu kimeahidiwa kuja na msafiri wa Lubumbashi. Fedha zitalipwa kidogo kidogo, na ada imetafutiwa njia nyingine ambayo si ya kuandikwa hapa.

Yako mambo mawili ya nyumbani. La kwanza, akina mama wa Kasulo wanaohifadhi vitabu vya namna hii wasivipanguse kwa kanga na kukung'utia vumbi ndani ya nyumba. Mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wa Leuven walionyesha kwamba vumbi la nyumba za mtaa huu lina kobalti nyingi, na kwamba miili ya watoto imeipokea. Jalada lipanguswe nje, kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, na watoto wanawe mikono kabla ya kusoma na baada yake. La pili, sanduku lisikae juu ya sakafu tupu. Matofali manne chini yake huchelewesha mchwa, na masika yakija maji hayalifikii.

Kijana ameanza kuandika orodha ya vilivyomo. Jumamosi, baada ya katekisimu, sanduku hufunguliwa barazani kwa mzee, na mtoto akitaka kuazima huandika jina lake katika daftari, si katika jalada tena. Namba nyingi za Mwana Shaba Junior zimekosekana. Msomaji aliye nazo, hata zisizo na jalada, asizifungie karanga. Azilete kwa katekista wa mtaa wake, naye atazifikisha. Sanduku lina Kouakou tatu zilizo mbilimbili, na mzee yuko tayari kubadilishana.