Gari la Mkono la Maulidini na Dunguni

Uandamapo mwezi wa Mfunguo Sita, na habari ikaenea kwamba Maulidi yatasomwa usiku kucha katika kijiji jirani, watu wa Mohoro, Rufiji, na vitongoji vyake huanza kukusanya majamvi, turubai, madumu ya maji, magunia ya mchele na masufuria ya pilau, vyombo ambavyo kimoja kimoja huchukulika pasi na taabu, lakini vikiisha kujumuishwa huwa mzigo ambao aghalabu huangukia vichwani mwa wanawake. Mashaka hayo hayo hurejea wakati wa kulinda mpunga bondeni. Kwani tangu Serikali ilipoanza, mwaka 1968, kuwahamishia watu wa bonde la Rufiji kwenye nchi ya juu isiyofikiwa na mafuriko, nyumba ilikaa mbali na shamba, na jamaa wengi ikawalazimu kuhama kila msimu na chungu, mikeka, chandarua na akiba ya chakula, wapate kukaa dunguni na kuwakabili ndege, nguruwe na viboko.

Zamani hapakuwa na hiari katika jambo hili. Mbung'o waliwazuia punda na ng'ombe wasiishi katika sehemu nyingi za nchi yetu, na kwa sababu hiyo mpagazi alibeba kiasi cha frasila mbili kichwani au begani, akaenda nazo mwendo wa siku nyingi. Lakini gurudumu linalokokotwa na mtu halidhuriki kwa mbung'o, na sioni udhuru wa kuendelea kumtwika mama yetu sufuria la kupikia watu mia ilhali mafundi wa mbao na wa pikipiki tunao. Rai yangu ni kwamba jamaa za mtaa mmoja washirikiane kuunda gari moja la mkono, na kabla ya kuagiza ubao wa kwanza waende wakaitazame njia.

Nasema hivyo kwa kuwa kuna vigari vya kukunja, vyenye magurudumu manne madogo ya plastiki, vilivyokusudiwa watu wa Ulaya wanaokwenda kwenye matamasha ya muziki na kulala katika mahema viwanjani. Ni vizuri kwa macho, na katika nyasi fupi zilizokauka hutembea vyema. Njia yetu si hiyo. Huku juu ni mchanga, na kule bondeni ni udongo mzito ambao ukilowa hunata na ukikauka hupasuka nyufa. Basi gurudumu dogo hufika kwenye ukingo wa ufa likasimama, ambapo gurudumu kubwa hupanda na kupita, na tairi jembamba huzama mchangani, ambapo tairi pana huugawanya uzani na kuelea juu yake. Gurudumu la baiskeli ni kubwa, ni kweli, ila spoki zake hazivumilii mzigo unaosukuma upande. Mimi nachagua gurudumu lililotumika la pikipiki, kwa sababu ni pana na imara, na kila penye bodaboda hapakosi mtu wa kuziba pancha. Tena kwenye mchanga mwingi hupunguzwa upepo kidogo, likaenda kwa wepesi.

Magurudumu yawe mawili. Yakiwa manne, katika njia ya mashimo moja huning'inia na gari hupinda. Yakiwa mawili, na ekseli ikapita chini ya katikati ya kitanda, uzani wote hukaa juu yake, na mvutaji hana kazi ya kuinua bali ya kuvuta tu, madhali mchele na maji vimepangwa chini, juu ya ekseli, na majamvi yakafungwa juu kwa kamba. Toroli la wajenzi halifai kwa mwendo mrefu, kwani nusu ya mzigo hukaa mikononi. Kadhalika upana usizidi ule wa njia zipitazo kati ya majaruba, na magurudumu yafunguke kwa spana moja, kwa kuwa penye kivuko gari litapakiwa mtumbwini.

Najua itasemwa kwamba mali ya shirika haina mlinzi. Hoja hiyo ina uzito, na jawabu langu ni kuwa gari limilikiwe na kikundi cha wanawake cha kuweka na kukopa, wao ndio walilaze uani mwao na watoze ujira kwa asiyekuwa mwanachama, maana anayeijua thamani ya gurudumu zaidi ya wote ni yule ambaye shingo yake imepumzishwa nalo. Urefu wa mikono ya gari upimwe kwenye kiuno cha mwanamke atakayelivuta, wala si cha fundi. Na fundi asikabidhiwe sehemu ya mwisho ya ujira wake mpaka gari limepakiwa mchele, maji na masufuria, likavutwa na mmoja wa wanawake hao kutoka kijijini hadi shambani, na kurudi.