Tufundisheni kuweka hesabu kabla ya kutupa leseni

Kliniki yangu ya kwanza, hapa Kitale, niliiendesha kwa droo moja. Pesa za wagonjwa ziliingia humo, na humo humo nikachota nauli, unga wa nyumbani na mshahara wa muuguzi. Januari moja nikatoa karo ya kifungua mimba wangu. Wiki iliyofuata kijana wa kuleta dawa akasimama mlangoni na ankara yake, nami sina hata nusu. Na wagonjwa walikuwa wamejaa mwaka huo, nikidhani mambo yananiendea vizuri.

Mimi ni tabibu. Chuoni nilifundishwa kupima, kutibu, kushona jeraha na kujua ni lini nimpeleke mgonjwa hospitali kubwa. Hesabu nilifundishwa na dadangu mwenye duka la mbegu. Alininunulia daftari nene, akachora safu tatu: kilichoingia, kilichotoka, tunachodai. Akagusa ya tatu kwa kalamu. "Hii ndiyo itakufungia mlango."

Huku kwetu ugonjwa na pesa haviji pamoja. Malaria hupanda Bungoma mvua ya masika ikishatulia, na wakati huo mkulima ameshazika kila shilingi kwenye mbegu na mbolea. Mahindi ya Kitale ni ya Oktoba kwenda mbele. Katikati hapo mama anakuletea mtoto anayechemka, anakwambia, "Daktari, nitakulipa nikivuna." Utamfukuza? Mimi simfukuzi. Ila siku hizi namwandika: kiasi na siku tuliyopatana, naye anatia sahihi au kidole gumba. Wengi hunilipa.

Wapo wenzangu wanaomshikilia mgonjwa mpaka jamaa zake wauze ng'ombe. Mwaka 2015 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba wanawake wawili waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, kwa kukosa ada walivunjiwa haki zao za kikatiba. Uamuzi huo nimeubandika ukutani, karibu na leseni. Kila tabibu angeusoma akiwa bado mwanafunzi.

Halafu kuna bima. NHIF, bima ya afya ya taifa, ilipoipisha SHA Oktoba 2024, iliacha madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 30 kwa hospitali na kliniki. Machi 2025 Rais Ruto alisema wanaodai milioni 10 kurudi chini watalipwa zote. Mtu wa ofisini akisikia kliniki inadai milioni mbili huona ni pesa ndogo. Kwa kliniki ya vitanda sita hizo ni dawa, kodi ya nyumba na mishahara ya miezi mingi, na mwenye kudai hana benki ya kumsubiri. Sheria ingeweka siku ya mwisho ya kulipa dai, ikipita bima itozwe riba.

Lakini si kila dai linakwama kwa kosa la bima. Langu moja la mama aliyejifungua lilirudishwa kwa sababu tuliandika ametoka siku moja kabla ya kulazwa. Mkono uliteleza usiku, hakuna aliyesoma tena, na pesa zikachelewa miezi mitatu. Tangu hapo fomu haitoki kabla ya watu wawili kuipitia.

Kampasi za KMTC, chuo cha serikali kinachofundisha matabibu, zipo Kitale na Bungoma. Naomba muhula mmoja tu: mwanafunzi akae na daftari la kliniki halisi, ajaze dai, apange pesa za leseni za Januari tangu mavunoni, atenganishe till ya M-Pesa ya kazi na pesa za simu ya nyumbani. Baraza la matabibu nalo limuulize hayo kabla ya kumruhusu kufungua mlango wake.

Juzi kijana mmoja wa Kanduyi alinipigia. Anataka kufungua kliniki, akaniuliza anunue hadubini gani. Nikamuuliza atalipa kodi miezi mingapi bila mgonjwa hata mmoja. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ngoja nikahesabu, nitakupigia."