Fataki: Sheria Iwe Moja kwa Wote

Kila mwisho wa mwaka Jeshi la Polisi huwatangazia wananchi kwamba ni marufuku kulipua fataki bila ya kibali, na ni marufuku kuchoma matairi barabarani. Usiku wa mkesha ukifika, wako wanaotii na wako wasiotii. Asubuhi yake huanza lawama: hawa huwalaumu polisi, hawa huwalaumu vijana. Sisi twaona jambo hili halifai kuachiwa lawama za siku moja. Ndani yake imo haki ya mwananchi, na umo uhai wake pia, wala hatupendi kimoja kimmeze mwenziwe.

Twajua kwamba neno kibali si tamu masikioni mwa watu wa Kanda ya Ziwa. Wazee wetu walisimulia jinsi serikali ya kikoloni ilivyokataa kuandikisha matawi ya TANU katika Usukuma tangu mwaka 1954 hadi 1958. Kibali cha namna ile kilikuwa kufuli mdomoni mwa watu. Basi mtu akiambiwa leo kwamba hata kufurahi kwataka kibali, ana haki ya kuuliza: je, tulipigania nini?

Jibu letu ni hili. Kibali cha mkoloni kilimkinga mtawala na wananchi. Kibali cha fataki chamkinga mwananchi na moto. Sheria ya Baruti tuliyo nayo ni ya mwaka 1963. Haikuletwa na Gavana. Ilitungwa na Bunge letu wenyewe, miaka miwili baada ya Uhuru. Mchimbaji wa dhahabu wa Geita anajua kwamba baruti ya mgodini haichezewi na kila mtu. Na fataki nayo ni baruti, hata ikifungwa katika karatasi ya kupendeza.

Tutazame mji wetu wenyewe. Mabatini, Igogo, Isamilo, nyumba zimepanda vilima katikati ya mawe, ukuta wa huyu ni uchochoro wa yule. Moto ukishika huko juu, gari la zimamoto litapita wapi? Kile kijiti cha cheche tunachompa mtoto ili anyamaze huwaka kwa joto linalopita nyuzi 1,000, na maji ya chai huchemka kwa 100 tu. Na pale kilimani Bugando wamelazwa wagonjwa waliotoka mikoa yote ya Ziwa. Mlipuko wa saa nane ya usiku si furaha kwao.

Iko na hatari nyingine ambayo watu wa bara hawaifikiri, lakini sisi wa pwani ya Ziwa hatuna budi kuifikiri. Katika kanuni za kimataifa za vyombo vya majini, fataki zenye nyota nyekundu zinazorushwa moja moja, kwa vipindi vifupi, ni sauti ya mtu anayezama. Maana yake ni: njooni mtuokoe. Ikiwa kila ukumbi wa ufukweni utarusha nyota nyekundu usiku kucha, nani atakayeinuka siku chombo kitakapoita kwa kweli? Watu waliowazika ndugu zao wa MV Bukoba mwaka 1996 na wa MV Nyerere mwaka 2018 hawawezi kulifanyia mzaha swali hili.

Wenzetu wa ng'ambo ya Ziwa wamekwisha kulipa. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2023, huko Kampala, watu walikusanyika katika jengo la maduka la Freedom City kutazama fataki za mwaka mpya. Umati ukasongamana katika njia nyembamba, watu wakakanyagana. Walikufa watu wasiopungua 9, na miongoni mwao watoto. Hawakuuawa na baruti. Waliuawa na msongamano. Kwa hiyo anayeomba kuonyesha fataki hadharani asiulizwe habari za baruti peke yake. Aulizwe pia: milango ni mingapi, watu ni wangapi, na nani atakayewaongoza?

Lakini serikali nayo tutaiambia ukweli, maana ndiyo kazi ya gazeti. Sheria isiyojulikana ni mtego. Tangazo la siku chache kabla ya mkesha halitoshi. Mwaka 2021 Bunge liliamua kwamba Kiswahili kiwe lugha ya sheria zetu. Basi masharti ya fataki yabandikwe kwa Kiswahili chepesi katika soko la Mwaloni, katika vituo vya mabasi na katika ofisi za kata, mapema: kibali hupatikana ofisi gani, kwa siku ngapi, kwa ada gani. Na saa za kulipua zitajwe. Uingereza, kwa kanuni za mwaka 2004, mwisho ni saa tano ya usiku. Lakini usiku wa mwaka mpya na wa Diwali huongezwa hadi saa saba. Hiyo ni busara: sherehe zimepewa saa yake, na usingizi umepewa yake. Sisi nasi tunao Waislamu, Wakristo na Wahindu, kila mmoja ana sikukuu yake.

Kisha sheria iwe moja. Haiwezekani mwenye hoteli ya ufukweni arushe fataki za mamilioni bila kuulizwa, na kijana wa Mabatini akamatwe kwa fataki moja ya dukani. Mwuzaji anayemwuzia mtoto wa miaka minane ashikwe kwanza kabla ya mtoto huyo. Tukiruhusu ubaguzi wa mfuko, tutakuwa tumeondoa ubaguzi wa rangi kwa bure.

Na wanachama wetu wana wajibu wao. Kila tawi lizungumze jambo hili kabla ya Desemba, na kila mzazi ajue mwanawe ana nini mfukoni. Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Tufurahi, maana nchi ni yetu. Lakini asubuhi ya mwaka mpya tuhesabiane, tukute tumetimia.