Baa za Ufukweni: Mgeni Aje, Mwalo Ubaki

Barabara ya lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, yenye urefu wa kilometa 66, imeteremka milima ya Umatengo na kufika ziwani. Safari ambayo zamani wakati wa masika ilimchosha msafiri kutwa nzima, na mara nyingine ikamlaza njiani kwa tope na makona, leo humalizika kabla chai ya kwenye chupa haijapoa. Hakuna asiyeishukuru neema hii. Lakini barabara haichagui abiria. Imewaleta wanunuzi wa usipa na wafanyakazi wa serikali. Imewaleta pia wageni watafutao upepo wa ziwa mwishoni mwa juma. Na nyuma ya wageni hao wanakuja wafanyabiashara wenye kuwatafutia vinywaji, muziki na mahali pa kukesha.

Tangu Wilaya ya Nyasa ilipomegwa kutoka Wilaya ya Mbinga mwaka 2012, na hasa tangu lami ilipofika, macho ya wengi yameelekea ufukweni, kutoka Lituhi mpaka Chiwindi. Kwa hiyo swali lililo mbele yetu si kama baa za ufukweni zije au zisije. Swali ni zikae wapi, ziendeshwe kwa masharti gani, na nani mwenye haki ya kuchagua. Maoni yetu ni kwamba wenyeji ndio wachague mahali, tena mapema, katika mkutano wa hadhara, kabla tofali la kwanza halijawekwa; na kwamba kitu cha kwanza kutengwa kisiguswe ni mwalo.

Mtu wa mjini aonapo mchanga mweupe uliotandaa kando ya maji hudhani ameona mahali patupu. Siyo kweli. Mchanga ule ni shamba, ni ghala na ni soko. Alfajiri mitumbwi inapotia nanga, hapo ndipo samaki hupimwa na kugawanywa. Jua likipanda, hapo ndipo akina mama huanika usipa juu ya vichanja, na mvua ya ghafla ikitishia, hapo ndipo kila mwenye mikono hukimbilia kuanua. Hapo nyavu hushonwa, maji ya kupikia huchotwa, watoto hujifunza kuogelea. Kazi hizi zote hazina hati wala ukuta, na kwa sababu hiyo mwenye kuja na fedha na ramani yake anaweza kuziondoa bila kujua kwamba ameondoa kitu. Huo ndio udhaifu wa mwalo, na ndiyo sababu tunautetea kwanza.

Tufikirie pia jambo la mwezi, ambalo mpangaji aliye ofisini anaweza kulisahau. Usipa huvuliwa usiku, kwa taa. Taa huwavuta samaki usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa pevu nguvu ya taa hupungua, na wavuvi wengi hupumzika. Kwa hiyo mvuvi wa usipa katika siku za giza hukesha majini na kulala mchana. Baa ipigayo vipaza sauti tangu saa sita mchana, mita chache kutoka nyumba yake, haimnyimi starehe tu, bali humnyima usingizi, na mtu asiyelala hana budi kuwa hatarini usiku unaofuata akiwa juu ya maji yenye kina kirefu kupita maziwa yote ya Afrika isipokuwa Tanganyika. Kinyume chake, siku za mbalamwezi mitumbwi imepumzika na kijiji kizima kiko nyumbani. Huo ndio wakati ufaao kwa ngoma na karamu.

Wenzetu wa visiwani wametutangulia katika shughuli hii, nasi hatuna sababu ya kujifunza kwa kuumia wakati somo lipo. Huko Kendwa, kaskazini mwa Unguja, karamu za mbalamwezi ufukweni zimejulikana duniani kwa miaka mingi. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya laki saba, na hakuna awezaye kukana kwamba utalii umeleta ajira, nyumba na biashara. Lakini Unguja hiyo hiyo inatuonyesha upande wa pili. Katika vijiji vya mashariki kama Paje na Jambiani, akina mama wakulima wa mwani wamejikuta wakigawana maji yale yale na wageni wa michezo ya baharini, kila upande ukiona mwingine umemwingilia. Mwaka 2021 serikali ya huko ililazimika kutangaza faini kwa wageni wanaotembea vijijini bila mavazi ya heshima. Faini ni dawa ya ugonjwa uliokwisha kuingia. Sisi bado tuna nafasi ya kutumia kinga.

Tena ziwa letu lina tofauti moja na bahari ambayo kila afisa atoaye kibali angepaswa kuikumbuka. Bahari hupwa na kujaa kila siku. Ziwa Nyasa halifanyi hivyo, na mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, Mto Shire, ulio mbali kusini katika Malawi. Chupa iliyotupwa Liuli hubaki Liuli, na choo kilichochimbwa karibu na maji humrudishia mchimbaji wake kipindupindu. Isitoshe, ziwa lenyewe hupanda na kushuka kwa misimu na kwa miaka. Wazee wa mwambao wanaukumbuka mwaka 1980, maji yalipopanda kupita kiasi kilichozoeleka. Ajengaye leo pale mchanga ulipo mkavu huenda anajenga ndani ya ziwa la kesho.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekwisha kulitazama jambo hili, ikazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto pale zinapoweza kuharibu mazingira. Kanuni za kudhibiti kelele zipo tangu mwaka 2015, na mwaka 2023 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira lilifunga baa na kumbi za starehe katika miji mbalimbali kwa sababu ya kelele. Leseni za vileo na saa za kuuza zina sheria yake tangu mwaka 1968. Nayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 haimruhusu mwenyekiti kugawa ardhi ya kijiji peke yake. Halmashauri ya kijiji hugawa kwa idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Kwa hiyo hatuombi sheria mpya. Tunaomba zilizopo zisomwe kabla ya mhuri kugongwa, si baada ya ukuta kusimama, kwa maana hapo ndipo huruma, undugu na hasara ya mwekezaji huanza kusimamishwa mbele ya haki.

Rai yetu kwa viongozi wa wilaya ni hii. Kwanza, mialo yote ipimwe, iwekewe alama na kuandikwa kuwa mali ya umma, pamoja na njia za miguu za kuifikia. Vikundi vya wavuvi vya kulinda rasilimali za uvuvi vishirikishwe, maana wao wanajua hata mahali ambapo upepo wa mwera hulazimisha mitumbwi kukimbilia. Pili, kila kijiji kichague sehemu yake ya starehe, mbali na mwalo, shule, zahanati na nyumba za ibada, na sehemu hiyo ibandikwe kwenye ubao wa matangazo ili mfanyabiashara ajue mapema. Tatu, kibali cha muziki wa usiku kifuate kalenda ya mwezi: siku za giza baa ziuze kwa utulivu, siku za mbalamwezi karamu ziruhusiwe mpaka saa zilizowekwa na sheria. Nne, sehemu ya ushuru utokao ufukweni irudi ufukweni, iwe vyoo, mapipa ya taka na taa ya mwalo, ili wananchi wauone ushuru kwa macho yao.

Tunajua watakuwapo watakaosema kwamba masharti mengi yatawafukuza wawekezaji, na kwamba kijana asiye na kazi hali mwalo. Hoja hii haifai kupuuzwa. Vijana wetu wengi wamekwenda mijini kutafuta walichokikosa hapa, na baa iliyoendeshwa vema huajiri mpishi, mhudumu, mlinzi, fundi na mwenye mtumbwi. Lakini mwekezaji wa kweli haogopi masharti. Huogopa masharti yanayobadilika kila ajapo mkuu mpya. Akionyeshwa mapema mahali palipotengwa, akajua mipaka na saa, ataweka fedha yake kwa moyo mtulivu. Anayekimbia kwa kuambiwa asijenge juu ya vichanja vya usipa alikuwa amekuja kuchukua, hakuja kujenga. Na tukumbuke kwamba mwalo wenyewe ni mwajiri. Hauna mhasibu wala hautoi barua ya kazi, lakini humlisha mvuvi, mwanikaji, mchuuzi na mchukuzi mwaka hata mwaka.

Mgeni naye ana sehemu yake, kwa kuwa anapochagua mahali pa kunywa huwa anapiga kura. Tunamshauri asivutwe na wingi wa taa wala ukubwa wa spika. Atazame kwanza kama choo ni safi na kiko mbali na maji. Aulize samaki aliye kwenye sahani amenunuliwa kwa nani. Kama ni wa mwalo wa jirani, amefika mahali pema. Aulize pia kahawa ni ya wapi, maana ni aibu kumpa mgeni kahawa ya kopo kutoka mbali ilhali milima ya Mbinga inalima arabika inayosafirishwa ng'ambo. Kama baa inampeleka kutazama jiwe la Pomonda pale Liuli, ahakikishe mtumbwi una jaketi za kuokolea maisha na nahodha hajalewa. Na kama kuna burudani, aone kama ni santuri na vyombo vilivyochukuliwa mjini tu, au kama vijana wa mganda na akina mama wa kihoda nao wameitwa, wakalipwa ujira wao, si kupewa soda na kupigwa picha. Mahali palipopita mtihani huu panastahili fedha yake.

Jambo la mwisho ni zito zaidi, nasi hatutalikwepa. Starehe za ufukweni hazitamnywesha mgeni peke yake. Msimu wa kahawa fedha huteremka kutoka Umatengo, na barabara ile ile iliyomleta mgeni inaweza kumleta baba ambaye malipo yake ya mwaka mzima yataisha kwa usiku mbili. Serikali ilipopiga marufuku pombe ya viroba tarehe 1 Machi 2017, ilikiri kwamba pombe iliyo rahisi kufikiwa na kila mfuko huwafikia hata watoto. Baa ya ufukweni haina mlango. Mtoto wa shule aliyekwenda kuchota maji anapita katikati ya meza. Mwenye baa anayemuuzia mtoto, au anayemtumia binti wa shule kuvutia wateja, asionywe mara tatu. Anyang'anywe leseni. Na wazazi wasingoje polisi afanye kazi ya mzazi.

Hatuyasemi haya kwa kuchukia furaha. Watu wa mwambao huu walikuwa wakicheza ngoma usiku kucha kabla ya lami kufika, nao hawahitaji kufundishwa na mtu uzuri wa mbalamwezi juu ya maji. Tunachosema ni kwamba mwenye nyumba ndiye amwonyeshaye mgeni mahali pa kukaa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji ahame.

Kwa hiyo basi, tunawaomba wenyeviti wa vijiji vya ufukweni waliweke jambo hili katika ajenda ya mkutano mkuu ujao, na tunawaomba maafisa wa ardhi, biashara, afya na uvuvi wahudhurie, wakiwa na ramani mikononi. Mkutano ufanyike mwaloni, asubuhi, wakati mitumbwi inarudi na usipa wakipanda vichanjani. Atakayekuwapo hapo na bado akasema mchanga ule ni mtupu, na asimame aseme hivyo mbele ya akina mama hao.