Mhandisi aliyetufunza kuipima shaka

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hata hivyo, hawakutuambia tuanze na ufa upi pale ambapo nyufa ni nyingi na saruji ni haba. Swali hilo ndilo lililomshughulisha kwa zaidi ya miaka 40 mtu ninayekusudia kumkumbuka katika makala haya. Huyu ni C. Allin Cornell, mhandisi wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1938 na kuaga dunia Desemba 2007. Namwita mwalimu wangu ingawa sikuwahi kumtia machoni wala kuisikia sauti yake.

Nilimjua kwa njia ya kitabu. Nilipokuwa mwanafunzi wa uhandisi wa ujenzi jijini Nairobi, mhadhiri wetu mmoja alituletea kitabu kilichochakaa jalada. Cornell alikiandika pamoja na Jack Benjamin wa Chuo Kikuu cha Stanford, kikachapishwa mwaka 1970, na kilihusu uwezekano, takwimu na maamuzi katika kazi ya mhandisi. Nakala ilikuwa moja nasi tulikuwa wengi, basi tukawa tunapokezana zamu kama watu wanaochota maji katika kisima kimoja. Aghalabu tulikisoma kwa ajili ya mtihani tu, nami nilikuwa miongoni mwa waliofanya hivyo. Ilinibidi kutikiswa na ardhi yenyewe ndipo nielewe nilichokuwa nimekisoma.

Julai 2007, karibu na mlima Ol Doinyo Lengai kaskazini mwa Tanzania, ardhi ilitetemeka mara kwa mara kwa siku kadhaa. Mitetemo hiyo ilifika Nairobi, na watu wakayakimbia maghorofa. Nami nilishuka ngazi mbio pamoja na wenzangu. Tulipokuwa tumesimama nje, bawabu wetu, mzee wa makamo ya baba yangu, alinikaribia akaniuliza, "Hebu niambie, Injinia. Likirudi kwa nguvu zaidi, nyumba hii itasimama?"

Nikamjibu papo hapo, "Bila shaka, mzee."

Aliitikia kwa kichwa, akarudi kuketi kwenye kiti chake chini ya ngazi zile zile. Alirudi kwa sababu ya neno langu. Nami sikuwahi kuiona michoro ya jengo lile, sikujua saruji yake ilichanganywa vipi, wala sikujua vyuma vilivyomo ndani ya nguzo zake ni vingapi. Jengo halikuanguka, lakini hilo haliligeuzi jibu langu kuwa la kweli. Nilisema "bila shaka" ilhali shaka ndiyo iliyokuwa elimu pekee niliyokuwa nayo juu ya jengo lile. Miezi mitano baadaye Cornell akafariki, akiwa na umri wa miaka 69, nami nikakirudia kitabu chake kwa aibu.

Je, mtu huyu alitufunza nini? Alianza kwa kusomea usanifu wa majengo pale Stanford, kisha akageukia uhandisi na kupata shahada yake ya uzamifu mwaka 1964. Mwaka huo huo alianza kufundisha katika chuo cha MIT, akakaa huko hadi mwaka 1983 aliporejea Stanford. Mwaka 1968 alichapisha makala yaliyobadilisha namna ya kuyatazama matetemeko ya ardhi. Kabla ya hapo ilikuwa desturi ya wahandisi wengi kulichagua tetemeko moja kubwa na kujenga kwa kulikabili hilo. Cornell aliuliza maswali mengine. Ni sehemu zipi zinazoweza kutoa tetemeko karibu na jengo hili? Kila sehemu hutoa matetemeko makubwa na madogo mara ngapi? Na likitokea umbali fulani, ardhi iliyo chini ya jengo itatikisika kwa kiasi gani? Akayajumlisha majibu yote, akapata uwezekano wa mtikisiko wa nguvu fulani kutokea kila mwaka.

Hakulifanya hilo peke yake. Mwaka 1966 alikuwa amezuru Chuo Kikuu cha Taifa cha Mexico, ambako Luis Esteva alikuwa akilishughulikia suala lilo hilo, na historia ya fani hii huwataja wawili hao pamoja. Kisha mwaka 1976 Robin McGuire, aliyekuwa mwanafunzi wake, akatoa programu ya kompyuta iliyowawezesha wahandisi wengi kuzifanya hesabu hizo. Walimu wenzangu watalitambua jambo hili: kazi ya mwalimu haikomei kwake, bali hukamilishwa na wanafunzi.

Matunda ya kazi hiyo yamo katika kanuni za ujenzi za nchi nyingi. Mhandisi husikia akiambiwa ajenge kwa kulikabili tetemeko "la miaka 475". Wengi hudhani kwamba tetemeko hilo likishakuja, litapumzika miaka 475 ndipo lirudi. La hasha! Maana yake ni kwamba kila mwaka uwezekano wa kupata mtikisiko wa namna hiyo au zaidi ni moja kwa 475. Mwanafunzi na afanye hesabu hii: uwezekano wa kutoupata katika mwaka mmoja ni 474 kwa 475. Azidishe kiasi hicho kwa chenyewe mara 50, atapata takriban asilimia 90. Basi jengo litakalosimama miaka 50 lina uwezekano wa asilimia 10 wa kukutana na mtikisiko huo. Hesabu hii haihitaji chuo kikuu. Kikokotoo cha shule kinatosha.

Somo la pili la Cornell linatuhusu zaidi. Mwaka 1969 alipendekeza kanuni za ujenzi zisimame juu ya uwezekano, kwa kuzingatia wastani na pia mtawanyiko. Tuchukue nguzo yenye nguvu ya wastani wa tani 300, inayobeba mzigo wa wastani wa tani 200. Mtu wa kawaida atasema ina akiba ya tani 100, basi iko salama. Lakini mzigo hubadilika, na nguvu ya nguzo hutofautiana na ya jirani yake. Tuseme mtawanyiko wa mzigo ni tani 30 na wa nguvu ni tani 40. Tukizizidisha namba hizo kila moja kwa yenyewe, tukazijumlisha na kutafuta kipeo cha pili, tunapata 50. Akiba ya tani 100 ni mara mbili ya 50. Kwa takwimu zinazofuata mkunjo wa kengele, uwezekano wa nguzo kushindwa ni kama 2 kwa 100.

Sasa fundi na apunje saruji siku moja na kuizidisha siku nyingine, mtawanyiko wa nguvu ufike tani 95. Wastani umebaki ule ule wa tani 300, na akiba ni ile ile ya tani 100. Lakini hesabu yetu sasa inatoa karibu 100 mahali pa 50, na uwezekano wa kushindwa unaruka hadi kama 16 kwa 100. Kwenye karatasi nguzo hizo mbili ni pacha, ilhali moja ni makazi na nyingine ni kaburi linalosubiri. (Namba hizi nimezichagua kwa ajili ya mfano, nguzo iliyojengwa ipasavyo hutakiwa kuwa salama kuliko zote mbili.)

Yupo atakayeniambia kwamba haya ni mambo ya California, kwamba majengo yetu huangushwa na wizi wala si takwimu. Nitamjibu kwa mambo mawili. Kwanza, nchi yetu imekatwa na Bonde la Ufa. Tarehe 6 Januari 1928 eneo la Subukia lilipatwa na tetemeko la ukubwa wa takriban 6.9. Serikali yetu ilitoa mwongozo wa kujenga kwa kuzingatia matetemeko tangu mwaka 1973. Na jirani zetu wa Bukoba walipoteza watu na nyumba tarehe 10 Septemba 2016. Pili, huo wizi wanaousema hujificha wapi kama si katika mtawanyiko? Mfuko wa saruji ulioibwa hauonekani kwenye mchoro, wala katika wastani wa vipimo vilivyochaguliwa. Aprili 2016 jengo la orofa lilipoporomoka mtaani Huruma baada ya mvua kubwa na kuua watu wasiopungua 49, hapakuwa na tetemeko lolote. Jengo linaloshindwa kusimama juu ya ardhi tulivu lina tumaini gani siku ardhi itakapoamka?

Mgala muue na haki umpe: njia ya Cornell ina wakosoaji wake. Baada ya tetemeko la Japani la tarehe 11 Machi 2011, baadhi ya wataalamu walisema ramani zilizotengenezwa kwa hesabu za uwezekano zilikuwa zimewapumbaza watu. Hoja hiyo ina uzito. Namba inaweza kuvishwa joho la elimu na kutumiwa kuwanyamazisha wanaouliza. Lakini kosa hapo ni la kuitangaza namba na kuificha shaka iliyomo ndani yake. Dawa yake si kurudi kwenye "bila shaka" ya zamani. Cornell mwenyewe hakuridhika na alichokianza. Tetemeko la Northridge la tarehe 17 Januari 1994 lilipofichua nyufa katika maungio ya majengo ya vyuma yaliyosifiwa kwa uthabiti, alikuwa miongoni mwa walioandaa misingi mipya ya kuyakagua, misingi inayouliza wazi tuna imani kiasi gani kwamba jengo halitaanguka.

Walimu wenzangu, sura ya uwezekano katika vitabu vyetu vya hisabati imejaa sarafu, dadu na mipira ya rangi ndani ya mfuko. Si vibaya kuanzia hapo, lakini tusiishie hapo. Mpeni mwanafunzi nguzo, mvua, daraja na matatu iliyojaa kupita kiasi. Mwulizeni si tu jibu ni lipi, bali ana hakika kiasi gani na kwa nini. Na anaposema "sijui, lakini nakisia ni kati ya hapa na hapa," msimcheke. Huyo ameanza kufikiri kama mhandisi.

Nanyi wanafunzi, baadhi yenu mtatia sahihi michoro ambayo wengine watalala chini yake. Sura hii mnayoiruka kwa kuwa haitahiniwi sana ndiyo itakayowafuata hadi mlangoni pa jengo hilo.

Yule bawabu alistaafu, nami sijui aliko. Lau ningemwona leo, ningemwambia hivi: "Mzee, sijui kama nyumba hii itasimama. Nipe michoro yake, nipime saruji na vyuma vyake, kisha nitakwambia hatari ni kiasi gani. Hadi hapo, kiti chako tukiweke huku nje." Jibu hilo lisingenipa sifa mbele ya wenzangu, lakini mzee yule angeketi mahali pengine.