Bei ya Tikiti ya Meli Si Bei ya Safari

Kumezuka miongoni mwa walimu wetu hamu mpya ambayo mimi siipingi hata kidogo, nayo ni hamu ya kupanda meli ya utalii. Hapo zamani mwalimu aliyestaafu akishapokea kiinua mgongo alinunua ng'ombe wa gredi, au akajenga vyumba viwili vitatu vya kupangisha pale sokoni, yakaisha. Leo ana mtoto Atlanta au Milano ambaye humtumia picha ya meli ndefu kama mtaa mzima, na chini ya picha pameandikwa: siku saba, dola 499, chakula ni juu yetu. Hata vyama vya akina mama walimu, vile vya kuchangiana kila mwisho wa mwezi, vimeanza kutaja meli pale vilipokuwa vikitaja sufuria na viti vya plastiki.

Nasema siipingi, kwa sababu mtu aliyemeza vumbi la chaki kwa miaka thelathini na mitano ana haki ya kukaa sitahani akatazama maji. Linaloniudhi ni kuwaona watu waliofunza wengine hesabu ya faida na hasara wakiipokea ile dola 499 kama mtoto apokeavyo peremende, bila kuuliza kilichofungwa ndani ya karatasi.

Hebu tuanze na biashara yenyewe ilivyo. Mwaka 1972 Ted Arison alianzisha kampuni ya Carnival huko Miami akiwa na meli moja kuukuu, Mardi Gras, ambayo katika safari yake ya kwanza ilikwama mchangani karibu na bandari ileile ilikotoka. Kampuni hiyo leo ndiyo kubwa kupita zote katika utalii wa meli, na mwaka 2024 ilipata mapato ya takriban dola bilioni 25. Sasa sikiliza, mwalimu mwenzangu: karibu theluthi moja ya pesa hizo haikutokana na tikiti. Ilitokana na vinywaji, kamari, matembezi ya bandarini, intaneti, picha, na mengineyo anayouziwa abiria akiwa tayari ameingia. Tikiti, kwa hiyo, ni mlango tu. Duka liko ndani, na mteja hawezi kutoka kwenda kulinganisha bei kwa jirani kwa kuwa jirani ni samaki.

Tufanye hesabu ndogo ambayo hata mwanafunzi wa darasa la sita ataiweza. Mume na mke wamelipa dola 499 kila mmoja, jumla 998. Kwenye meli nyingi zinazohudumia soko la Marekani, kila abiria hukatwa bakshishi ya wafanyakazi ya kati ya dola 16 na 20 kwa siku, awe mtu mzima au mtoto. Tuchukue 18: mara siku saba, mara watu wawili, ni dola 252. Wakitaka intaneti kwa simu moja tu, kwa kadiri ya dola 20 kwa siku, ongeza 140. Tumefika dola 1,390, yaani zaidi ya shilingi 180,000 tukihesabu dola kwa shilingi 130, na hakuna aliyekwisha kunywa soda. Nauli ya ndege, ambayo kwa anayetoka Nairobi huweza kuishinda ile ya meli, sijaigusa. Tena bei hiyo ni ya wawili wanaolala chumba kimoja. Mjane, au mwalimu aliyeamua kusafiri peke yake, mara nyingi hutozwa karibu mara mbili kwa sababu kitanda cha pili kitakuwa kitupu.

Mintarafu ya soda, kuna kitu kiitwacho kifurushi cha vinywaji. Abiria hulipa kwa siku, kisha hunywa apendavyo. Masharti ya kampuni nyingi ni kwamba mtu mzima mmoja katika chumba akinunua kifurushi cha pombe, na mwenzake sharti anunue, hata kama ni mlokole asiyejua ladha ya bia. Juu yake huongezwa ada ya huduma ya karibu asilimia 20. Maji, chai na kahawa ya kawaida mezani havina malipo. Nionavyo mimi, Mkenya anayekunywa chai asubuhi, mchana na jioni hana haja na kifurushi cha aina yoyote.

Lakini tuache vinywaji, kwani palipo na akiba kubwa ni kwenye kalenda, na hapa mwalimu wa Kenya amebarikiwa bila kujijua. Meli hupandisha bei wakati watoto wa Wazungu wamefunga shule: Julai na Agosti, Krismasi, na Pasaka. Katika Bahari ya Karibi, wiki ambazo meli hutafuta abiria kwa tochi ni zile za baada ya sikukuu ya Wamarekani ya kutoa shukrani, mwishoni mwa Novemba, hadi katikati ya Desemba. Msimu wa tufani huko huhesabiwa kuanzia Juni mosi hadi Novemba 30, kwa hiyo hata upepo huwa umeanza kutulia. Mwalimu wetu wakati huo amekwisha kusimamia KCSE na muhula mpya haujabisha hodi. Likizo ya Agosti, ambayo wengi huikimbilia, huwa ghali.

Kisha kuna udanganyifu wa ramani. Simaanishi kwamba kampuni husema uongo. Husema ukweli nusu. Ratiba ikikwambia "Roma", meli haifiki Roma. Hufunga gati Civitavecchia, mji ulio yapata kilomita 70 kutoka Roma. "Florence" ni bandari ya Livorno, "Paris" ni Le Havre, safari ya karibu kilomita 200 barabarani, na "London" mara nyingi ni Southampton. Venice nayo, tangu Agosti 2021, imezifungia meli kubwa mfereji wa katikati ya mji, na abiria waweza kujikuta wakiteremshwa Marghera, upande wa bara, kwenye mitambo na makontena. Mwalimu wa jiografia hana udhuru hapa. Atwae atlasi yake kabla ya kulipa.

Umbali huo ndio mtaji wa dawati la matembezi melini. Mimi na mama watoto tuliposafiri katika Bahari ya Mediterania, matembezi ya kwenda Roma yaliuzwa kwa zaidi ya dola 100 kwa kila mtu. Tulishuka, tukapanda basi la bandarini hadi kituo cha treni, tukakata tikiti ya treni ya kawaida wanayopanda wafanyakazi wa Kiitalia. Nauli yake haikufika euro 10 kwenda, na kiasi hichohicho kurudi. Safari ilichukua zaidi kidogo ya saa moja. Tulikula mkate na jibini kwenye ngazi za kanisa, tukarudi saa tatu kabla ya meli kung'oa nanga.

Hizo saa tatu sizitaji kwa majivuno. Meli huwasubiri abiria waliokwenda kwa matembezi iliyoyauza yenyewe. Aliyekwenda kwa miguu yake haisubiriwi. Mwezi Machi 2024, meli Norwegian Dawn iliwaacha abiria wanane katika kisiwa cha São Tomé, hapa hapa Afrika, baada ya matembezi yao ya binafsi kuchelewa. Walilazimika kuifukuzia meli kwa ndege na kwa barabara. Walipofika Gambia, meli ikashindwa kutia nanga huko kwa sababu ya maji, hata wakaipatia Dakar, Senegal. Basi kwa bandari yenye treni za kila saa, jitegemee. Kwa kisiwa chenye barabara moja na teksi tatu, mimi ningelipa ile bei ya juu bila kunung'unika. Na saa yako iende sawa na saa ya meli, kwani ya nchi kavu huenda ikawa tofauti.

Sasa niguse lile ambalo vitabu vya Wazungu kuhusu safari hizi hulipitia kwa mstari mmoja, ilhali kwetu ndilo linaloweza kuizamisha safari nzima: viza. Mmarekani hupanda meli Miami akiwa na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho, akazunguka visiwa na kurudi. Mkenya hawezi. Anahitaji viza ya Marekani itakayomruhusu kuingia tena baada ya kutoka, na kila kisiwa kina sheria zake. Katika Mediterania jambo hili ni gumu zaidi. Viza ya Schengen hufungua nchi nyingi kwa pamoja, lakini meli ikitoka Italia ikatia nanga Tunisia, Uturuki au Montenegro, imetoka nje ya eneo hilo, na kurudi kwake ni kuingia mara ya pili. Mwenye viza ya kuingia mara moja hataruhusiwa hata kupanda.

Mwalimu mwenzangu mmoja aliambiwa na wakala jijini Nairobi kwamba "viza ni viza". Alirudishwa kutoka ngazini akiwa na sanduku lake, na tikiti haikurejeshwa pesa, kwa sababu masharti husema wazi kwamba hati ni jukumu la abiria. Maombi ya viza hii hugharimu euro 90 tangu Juni 2024, upewe au unyimwe, na huambatana na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Yaweza kupelekwa miezi sita kabla ya safari. Andika katika fomu, kwa herufi kubwa, kwamba unaomba kuingia zaidi ya mara moja, na uambatishe ratiba ya meli bandari kwa bandari. Bima hiyo usiione mzigo. Daktari wa melini hutoza kama daktari wa kulipwa, nayo kadi yako ya bima ya nyumbani usidhani ataitambua.

Kwa wale ambao viza imewachosha, iko njia ya karibu zaidi. Tangu Januari 2023 Mkenya huingia Afrika Kusini bila viza kwa muda usiozidi siku 90, na kwa miaka mingi kampuni ya MSC imekuwa ikileta meli Durban katika majira ya joto ya kule, yaani takriban Novemba hadi Aprili, kwa safari fupi za siku tatu nne kuelekea pwani ya Msumbiji. Kuhusu kushuka Msumbiji, ulizia masharti kabla ya kulipa. Kitakachomkwamisha Mkenya Durban ni kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo Afrika Kusini hutaka kuiona, na chanjo iwe imetimiza siku kumi. Tangu 2016 chanjo hiyo hutambuliwa maisha yote, kwa hiyo mwenye kadi ya zamani asikubali kudungwa na kulipishwa tena.

Wakumbukao miaka ya 1990 watasema kwamba hapo Mombasa palikuwa na meli yetu ya kitalii, Royal Star, iliyokuwa ikianzia Kilindini. Ni kweli, na ni haki kuuliza kwa nini leo tunakwenda Durban kutafuta tulichokuwa nacho nyumbani. Swali hilo naliachia siku nyingine.

Nimalizie na bakshishi, kwa sababu hapa sikubaliani na wengi wanaotoa ushauri wa kuokoa pesa. Kampuni kadhaa humruhusu abiria kwenda dawati la huduma akaomba makato hayo yapunguzwe au yafutwe, na wapo wanaolisimulia jambo hilo kama ujanja. Mwenzangu mmoja alijigamba mbele yangu kwamba kwa safari ya siku saba aliokoa dola 126. Nilimwuliza ameziokoa kutoka kwa nani. Wanaotandika vitanda na kuosha vyombo ni vijana wa Ufilipino, India, Indonesia, na sasa wamo na wetu kutoka Pwani. Mikataba yao huwa ya miezi sita hadi tisa mfululizo. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia 2014, huwahakikishia mapumziko ya saa 10 tu kwa siku, na mshahara wa wahudumu wengi husimama juu ya bakshishi hizo. (Mkataba uo huo unakataza kijana kutozwa ada ya kutafutiwa kazi melini. Wanafunzi wa kidato cha nne wanaofuatwa na mawakala wa mitaani walijue hilo, na wadai kuona leseni ya Kenya Maritime Authority.)

Kampuni haikupoteza hata senti katika zile dola 126. Zilitoka mfukoni mwa aliyemkunjia taulo. Na mwenzangu huyo, katika safari iyo hiyo, alikuwa amenunua melini matembezi ya Roma na ya Florence. Angeshuka Civitavecchia na Livorno akapanda treni kama wenyeji, angezipata dola hizo na chenji ikabaki.