Misa ya Kamina na Ombi la Vijana Wetu



Kikundi kimoja cha vijana kimeleta ombi mbele ya wazee wa parokia. Wanataka kutunga nyimbo saba zinazofuatana na kuzirekodi pamoja, zote zikisimulia jambo moja: safari ya familia iliyokimbia kijiji chake usiku, ikalala porini, ikapokelewa na wageni, na mwishowe ikarudi na kukuta majani yameota mlangoni. Wanataka gita ya umeme, rumba, rapu na ngoma za kwetu vikutane ndani ya kazi hiyo moja. Wamejifunza umbo hilo kwa kusikiliza simuni albamu za roki kutoka Ulaya na Marekani, zile ambazo wimbo mmoja huingia katika mwingine na mitindo hubadilika kadiri habari inavyosonga mbele.

Baadhi ya wazee walijibu kwamba huo ni mchafuko, na kwamba anayechanganya kila kitu hana chake. Sisi tuliofundisha dini na kufundisha shule kwa miaka mingi tumeombwa kutoa maoni. Tunayatoa hapa wazi, kwa kuwa tunaona jibu baya laweza kutupotezea vijana hao, na jibu la haraka laweza kutupotezea kitu kingine ambacho hatukurudishiwa kamwe.

Tuanze na habari ya nchini mwetu. Mwaka 1953 padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, Guido Haazen, alifika Kamina, ambayo leo ni mji wa mkoa wa Haut-Lomami. Huko alikusanya korali ya wavulana wapatao 45, wenye umri wa miaka 9 hadi 14, pamoja na walimu 15 wa shule. Korali ikapewa jina la Les Troubadours du Roi Baudouin. Mwaka 1958 waliimba Misa iliyokuja kujulikana duniani kote kama Missa Luba. Maneno yalikuwa yaleyale ya Kilatini, tangu Kyrie hata Agnus Dei, bali sauti zilitoka Katanga na Kasai. Kyrie ilifuata kasala, mtindo wa Waluba wa kusifu na kuomboleza. Sanctus ilijengwa juu ya wimbo wa kuagana. Hosana ilipigwa kwa mdundo wa ngoma ya kuchezwa. Waimbaji hawakushika karatasi ya noti. Kila mmoja alijua njia ya wimbo na kuipamba alipokuwa akiimba. Noti ziliandikwa baadaye, kutoka katika sahani iliyokwisha kurekodiwa. Mwaka huohuo wa 1958 korali hiyo iliimba Ulaya, hata katika Maonyesho ya Dunia mjini Brussels.

Je, huo haukuwa mchanganyiko? Kilatini cha Roma kilikutana na kilio cha msibani na ngoma ya furaha, na wazo moja likavishika vyote. Wala Kanisa halikukataa njia hiyo. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati juu ya Liturujia, ikiagiza kwamba muziki wa mataifa ya misioni upewe heshima na nafasi yake. Mwaka 1988 Roma iliidhinisha Misale ya Kiroma kwa majimbo ya Zaire. Na tarehe 1 Desemba 2019 Baba Mtakatifu Fransisko aliadhimisha Misa kwa utaratibu huo ndani ya Basilika la Mtakatifu Petro. Basi mzee asemaye kwamba kuchanganya ni kuharibu, tunamwomba kwa heshima akumbuke kwamba ngoma anayoicheza leo wakati wa Utukufu ililetwa kanisani na watu walioambiwa maneno hayohayo.

Hata hivyo, ninyi vijana nanyi msikie. Mwaka 1968 kundi la roki la Marekani, The Electric Prunes, lilitoa albamu iitwayo Mass in F Minor. Mtungaji wake alikuwa David Axelrod. Maneno yake ni ya Misa, tena ya Kilatini, yakiimbwa juu ya gita za umeme zenye kelele kubwa. Ni kazi ya kusikilizwa, na anayeisikiliza kwa makini atapata jambo la kufikiri. Lakini maneno matakatifu hayakutosha kuifanya iwe sala ya jumuiya. Hivyo nanyi mpambanue. Nyimbo zenu saba zina mahali pake: uwanja wa parokia, ukumbi, jioni ya sikukuu, mkesha wa vijana. Zikitoka huko na mmoja wenu akaona kwamba wimbo fulani wafaa kuingia katika Misa, aupeleke kwa paroko, naye ataupima na wale waliokabidhiwa mambo ya Liturujia. Mlango wa ukumbi na mlango wa sakristia ni milango miwili, na hakuna aibu kupita ule wa kwanza.

Lakini jambo linalotusumbua zaidi si kelele. Ni jina. Missa Luba ilipoenea duniani, jina lililoandikwa kuwa la mtengenezaji lilikuwa la Padri Haazen. Wavulana na walimu walijulikana kwa jina la korali, nalo lilikuwa jina la mfalme. Hatumlaumu padri, maana bila yeye huenda sahani isingekuwapo. Twauliza tu: ni nani aliyeutunga ule wimbo wa kuagana? Ni mama gani wa Kasai aliyemfundisha mwanawe kilio kile? Hata ile albamu ya Marekani ina jambo la namna hiyo: kundi lenye jina kwenye jalada halikuweza kumaliza kazi yote, na wapigaji wengine waliletwa studio kuikamilisha.

Sisi wenyewe tuna deni hapa. Miaka iliyopita tulijifunza kwa bibi mmoja wimbo wa kuomboleza mtoto, katika lugha ya Wabangubangu. Tuliufundisha korali, tukaandika kwenye daftari: wimbo wa kale. Haukuwa wa kale. Bibi aliutunga mwenyewe siku alipomzika mwanawe, naye alituambia hivyo, nasi hatukuandika. Alipofariki, mjukuu wake alikuja kutuuliza kama tunalo jina la yule mtoto, kwa kuwa lilikuwa ndani ya wimbo. Tulikuwa tumeliondoa ili mstari ukae vizuri na mdundo. Hatulikumbuki hata leo.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya. Vijana waruhusiwe. Tena waruhusiwe kwa sharti moja tu, nalo ni kazi kuliko kizuizi: kabla ya kugusa gita, waende kwa akina mama na wazee waliobaki, na kwa wale waliohamia Kasongo na kwingineko kwa sababu ya vita. Waombe ruhusa. Waandike jina la mwimbaji, kijiji chake, wimbo huimbwa lini na kwa nini. Wasiondoe jina la mtu ili mdundo upendeze. Afadhali mdundo ungoje. Na siku kazi itakapokamilika, majina hayo yasomwe kwa sauti kabla ya wimbo wa kwanza.

Nanyi wazee wenzetu, siku hiyo njooni mkae, msikilize tangu wimbo wa kwanza hata wa saba, kabla ya kusema neno. Safari inayosimuliwa ni yetu sote. Tuliipita kwa miguu. Tunaweza kuisikiliza tukiwa tumeketi.